Mstari wa Kaunti Yetu

“Mstari huo hausomwi kanisani kwetu. Nimesema, na nitasema tena mpaka likuingie.”

“Lakini upo, Bibi! Kwani nimeuandika mimi? Ameuandika rais mwenyewe.”

“Marais huandika mengi. Wa juzi hapa kaandika mpaka barua ya kujiuzulu.”

“Tulia, wewe,” nikamwambia binti yangu, “nisije nikakuchoma sikio ukaenda mimbarini na bandeji.”

Charisse alikuwa ameketi sakafuni kati ya magoti yangu, taulo mabegani. Kiti changu nilikuwa nimekisogeza karibu na jiko ili nisihangaike kukipasha moto kile kitana cha chuma cha kunyooshea nywele. Jikoni kulinukia mafuta ya nywele, kunde na nyama ya shavu la nguruwe, yote kwa pamoja, kama kila asubuhi ya Mwaka Mpya nyumbani kwetu. Tulikuwa tumekesha kanisani kuukaribisha mwaka, na hakuna kati yetu aliyelala vya kutosha. Watu wasiolala vizuri hawafai kubishana, na sisi tulikuwa tunabishana tangu chai.

“Nywele nimekubali,” alisema Charisse. Alitaka kwenda na nywele zake zimesimama duara kama wenzake wote shuleni, bibi yake akakataa, naye akasalimu amri jana yake. “Nimekaa hapa kama kuku anayenyonyolewa, nimekubali. Mstari sikubali.”

Mama mkwe wangu, Idella Wynder, alikuwa mezani akichambua sukuma wiki. Aliondoa vikonyo kwa kupapasa, maana mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili na daktari alimtaka asubiri mpaka masika ndipo amfanyie upasuaji. Vidole vyake havikukosea hata jani moja.

“Kukubali ni kukubali,” alisema. “Hakuna kukubali nusu.”

“Na kusoma je, Bibi? Kuna kusoma nusu?”

Nilimgonga begani kwa mpini wa kitana, taratibu. Lakini kwa kweli alikuwa amempata.

Kanisani kwetu, Zoar Ndogo, kila siku ya kwanza ya mwaka saa tano asubuhi husomwa Tangazo la Ukombozi, lile la Rais Lincoln wakati wa vita vya Kaskazini na Kusini, lililosema watumwa wa majimbo yaliyoasi wawe huru tangu siku hiyo. Husomwa lote kwa sauti, watu wakiwa kimya. Baada ya hapo koo zinasimama moja moja na kuita majina ya wale wao waliotoroka wakati wa vita wakakimbilia ngomeni kwa jeshi la Kaskazini. Wakiisha kuita, hubaki wamesimama mpaka jina la mwisho, ndipo wote huketi kwa pamoja, tukaimba, tukateremka chini kula. Mimi nimetoka Carolina, nimeolewa huku, watu wangu hawamo katika majina hayo. Kazi yangu ni chakula. Nina diploma ya upishi na lishe, nasimamia jiko la shule, na kanisa likiwa na shughuli huniletea masufuria hata kabla ya kuniuliza.

Kazi ya Mama Idella ilikuwa kusoma. Alianza kabla mimi sijazaliwa. Wapo watu wazima Zoar waliofikiri lile Tangazo lilikuwa na sauti ya kike. Mwaka huo hakuweza tena kuona maandishi. Nilimwambia asome kwa kichwa, kwa kuwa anayajua yote, akaniambia karatasi lazima iwe mkononi na macho lazima yawe kwenye karatasi, la sivyo ni maigizo. Akamteua Charisse. Mtoto ana miaka kumi na mitatu, anasoma vizuri, na alifurahi hadi akalia. Wote tulifurahi, mpaka asubuhi hiyo aliposoma mbele yetu ili kujipima, akafika katikati, akasoma mstari ambao sikuwahi kuusikia.

Rais anataja jimbo letu, Virginia, kati ya yale yaliyoasi. Kisha anasema isipokuwa. Isipokuwa kaunti kadhaa zilizokuwa tayari mikononi mwa jeshi lake, ambazo zinaachwa kama vile tangazo lenyewe halikutolewa. Anazitaja kwa majina. Berkeley, Accomac, Northampton, na inayofuata ni Elizabeth City.

Elizabeth City ndiyo sisi. Jiko langu lilikuwa ndani ya Elizabeth City. Zoar Ndogo lilikuwa ndani ya Elizabeth City.

“Kaunti yenyewe ilishafutwa,” alisema Mama Idella. “Siku hizi ni mji tu. Hata kwenye ramani haipo. Utasoma jina la kitu kisichokuwepo?”

“Wakati ule ilikuwepo! Na watu walikuwemo! Bibi, sisi kila mwaka tunavaa, tunaimba, tunakula kunde, na hatukuachiwa huru na karatasi hii. Hatukuachiwa! Mwalimu Spratley alitupa kadi za mtihani, na…”

“Kadi gani hizo?”

“Za majina na maneno ya vita.” Alianza kuhesabu kwa vidole chini ya taulo. “Lincoln, rais. Davis, rais wa waliojitenga. Grant, jenerali wa Kaskazini. Lee, jenerali wa Kusini. Butler, yule wa ngomeni kwetu, aliyesema watumwa wakikimbilia kwake harudishi mtu. Halafu maneno. Kujitenga: jimbo kujitoa katika Muungano. Mkomeshaji: mtu aliyetaka utumwa uishe. Magendo: jina walilopewa watumwa waliokimbilia jeshini, kwa kuwa walihesabiwa kama mali iliyonyang’anywa adui.”

“Magendo,” alisema Mama Idella. “Haya. Mjukuu wangu amejifunza kwamba Zoar nzima ni kanisa la magendo.”

Nilicheka. Charisse naye alikaribia kucheka, akakumbuka amekasirika.

“Na hapo kwenye kadi zako,” bibi yake aliendelea, “umeona mtu yeyote aliyefua nguo? Aliyepika? Aliyekuwa na mtoto?”

“Hapana, Bibi. Ndiyo maana nataka kusoma yote. Pale tumetajwa. Ni pale tu.”

“Mmetajwa ili mwachwe.”

“Basi ijulikane tuliachwa!”

Sauti yake ilipanda hadi juu kabisa. Mama Idella aliweka jani la sukuma wiki mezani. Akasema kwa utulivu kwamba kama ni hivyo, Charisse hasomi. Shemasi Gatling atasoma. Shemasi Gatling husoma kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki kinywani, na wote watatu tulilijua hilo. Charisse akasema sawa, na asome Gatling, yeye haendi kabisa. Mama Idella akasema basi na yeye haendi.

Wakati huohuo nikasikia harufu. Kunde zilikuwa zimeanza kushika chini.

Niliinuka, nikalivuta sufuria, nikalikoroga, nikageuka na kitana mkononi kama askari. Nilikuwa na watu themanini wa kulisha na mume aliyekwenda zamu ya sikukuu kwenye kiwanda cha meli, hivyo kila kitu kilikuwa juu yangu. Niliangalia saa. Nikafanya kile ninachofanya shuleni watoto wakigombania foleni.

“Charisse, utaruka huo mstari. Ni mstari mmoja. Bibi yako ameushika usomaji huu maisha yake yote, amekupa wewe, hukupewa uutengeneze. Ukiusoma, utaosha masufuria ya Zoar mpaka Pasaka. Mama, na wewe utakwenda, kofia yako nimeshaipiga brashi. Nimemaliza.”

Mama Idella aliokota jani lake tena. Nilijiona mtu wa maana sana.

Charisse aliinuka, akajikung’uta taulo, akaniangalia. “Hata hukuuliza mstari una maana gani, Mama,” alisema. “Umeangalia saa tu.” Akaenda kuvaa.

Hilo neno nililibeba pamoja na masufuria hadi garini.

Tuliondoka mapema ili nikapate jiko la kanisa kabla ya wenzangu. Mama Idella alikaa mbele na kofia yake ya rangi ya zambarau, mikate ya mahindi magotini. Charisse alikuwa nyuma, ameshikilia kifuniko cha sufuria la kunde kwa mikono miwili, nywele zimenyooka, kola nyeupe. Hakuna aliyesema neno mpaka darajani. Nilifikiri amani imekuja. Mara nyingi nimedhani kimya ni amani.

“Bibi,” Charisse alisema.

“Nakusikia.”

“Wakiita majina, wewe huita la nani?”

Mama Idella aliisogeza mikate magotini.

“Maana wewe huwa mbele,” Charisse aliendelea, na sauti yake haikuwa ya ugomvi tena, alikuwa anafikiri tu. “Unamaliza kusoma, unabaki palepale mimbarini, wao wanasimama. Gatling, kina Spratley, kina Mallory. Sijawahi kukusikia ukiita. Sisi kina Wynder hatuiti?”

“Wynder ni wa babu yako. Walitoka ng’ambo ya mto baada ya vita.”

“Basi upande wako. Wa kwenu.”

Nilikuwa nimeolewa miaka kumi na tano katika familia hiyo. Nilitafuta kichwani na mimi sikupata. Kila Mwaka Mpya nilimwona mama mkwe wangu mimbarini, amesimama wima, karatasi mkononi, na kwa kuwa alikuwa amesimama kama wengine, haikunijia hata siku moja kwamba hakuwa ameita jina.

Mama Idella aligeuza uso dirishani, ingawa sijui aliona nini zaidi ya mwanga.

“Bibi yangu aliitwa Dicey,” alisema. “Nililala naye kitanda kimoja mpaka nilipofika umri wako. Alikuwa mtumwa wa mjane mmoja kule Back River. Vita vilipoanza, wazungu wengi wa huku walichoma mji wao wenyewe wakakimbia. Yule mjane hakukimbia. Alikula kiapo cha utii kwa Kaskazini, akaachiwa nyumba yake na watu wake. Wenzake Dicey walianza kuondoka usiku, mmojammoja, kwenda ngomeni. Ngome ilikuwa karibu. Mizinga ikipigwa, vyombo vililia kabatini.”

“Kwa nini hakwenda?” Charisse aliuliza.

“Alikuwa na mtoto, Ned. Kifua chake kilikuwa kibovu, akipumua unamsikia chumba cha pili. Dicey aliogopa baridi ya kambini. Na watu walisema Mwaka Mpya karatasi inakuja, rais ameahidi, kila mtu atakuwa huru palepale alipo. Akasema, kwa nini nimtoe mtoto kwenye baridi, na karatasi inakuja? Akasubiri karatasi.”

Gari lilipita kwenye shimo, sufuria likaruka, na Charisse akakikandamiza kifuniko.

“Ikaja. Mkwe wa yule mjane alileta gazeti. Akasoma mezani wakati wa chakula, Dicey amesimama na bakuli la mchuzi. Alisoma kwa sauti, polepole, makusudi. Alipofika kwenye majina ya kaunti akatua. Akamtazama Dicey. Akasoma yetu. Halafu akasema, ‘Umesikia, Dicey? Wewe si katika hao.’”

“Lakini ngome ilikuwa inapokea watu bado,” Charisse alisema. “Mwalimu alituambia, wakati huo askari walishakatazwa kurudisha mtu. Angekwenda tu. Karatasi haikumkataza kwenda.”

“Wewe unajua. Una kadi. Yeye alikuwa na masikio tu, na alichosikia ni kwamba rais mwenyewe ametaja mahali pake kwa jina akasema hapana. Aliamini ngomeni watamrudisha. Akabaki. Masika mjane alimkodisha Ned kwa mvuvi mmoja wa chaza, eti hewa ya maji itamfaa kifua. Boti ilipinduka. Hawakumpata. Dicey alibaki pale hadi mwaka uliofuata, sheria nyingine ilipokuja, akaambiwa sasa unaweza kwenda. Akaenda alipoambiwa aende.”

Nilikuwa nimefika kanisani. Nilizima gari, na hakuna aliyefungua mlango.

“Yeye ndiye alisema usisomwe?” niliuliza.

“Hakusema chochote. Zamani wa kusoma alikuwa babu yake huyu Gatling. Walisoma lote, mstari huo ukiwemo, na kila mwaka Dicey, wakifika hapo, alikuwa anainuka benchi la mbele na kutoka nje. Anasimama kwenye ngazi, kisha anarudi kusikiliza yaliyobaki. Mwanamke mzee, na kiuno kibovu. Mwaka mmoja palikuwa na barafu, akaanguka kwenye ngazi. Mwaka uliofuata mzee Gatling akauruka. Hakumwambia mtu. Dicey alikuwa ameshainuka nusu, akakaa. Ndivyo ulivyoanza. Walimhurumia. Alipokufa, waliendelea, na waliojua kwa nini nao wakafa, nikabaki mimi.”

“Na wewe ukaomba kusoma,” nilisema.

“Nikaomba kusoma. Ningefanya nini? Nikae benchini wote wakisimama? Ndugu zangu wote Zoar ni wajukuu wa watu waliotembea. Mimi ni mjukuu wa aliyesubiri.” Alipapasa kitasa cha mlango. “Aliniambia jambo moja tu kuhusu hilo maisha yake yote. Alisema, ‘Idella, nilisikiliza vizuri mno.’”

Alishuka mwenyewe. Mikate ya mahindi aliiacha kwenye kiti.

Charisse alibaki nyuma akilitazama sufuria. Nilimwona kwenye kioo. Mtoto yule asubuhi alikuwa tayari kupigana na kanisa zima, na sasa mabega yake yalikuwa yameshuka. Aliteremsha kioo cha dirisha.

“Bibi!” aliita. “Nitauruka.”

Mama Idella alisimama kwenye changarawe, mgongo kwetu. “Hm,” alisema.

Alikuwa amepata alichokitaka tangu chai. Hakuonekana kama mtu aliyepata kitu.

Nilipeleka masufuria jikoni. Nilipasha, nikaonja, nikaongeza chumvi, nikamfokea Dada Mallory aliyekuwa anataka kutia sukari kwenye mkate wa mahindi wa watu wengine. Mikono ilifanya kazi. Moyo ulikuwa bado umekaa garini. Nilijuta, si kwa sababu niliamua, maana mtu lazima aamue, bali kwa sababu niliamua kuhusu kunde, na wao walikuwa wanazungumza kuhusu mtoto aliyekufa. Na nilijuta kwamba binti yangu alijifunza kunyamaza kwa wepesi ule. Miaka yote nilimlipia masomo ya ziada ili aseme. Kumnyamazisha ilinichukua muda wa kukoroga sufuria.

Saa tano nilivua aproni, nikapanda juu.

Kanisa lilijaa. Mama Idella alikuwa benchi la mbele, upande wa kushoto, peke yake, pochi magotini. Sikuwahi kumwona ameketi kanisani siku ya Mwaka Mpya. Alionekana mdogo. Nilikaa karibu naye. Baadaye niligundua kwamba ndilo benchi alilokuwa akinisimulia.

Mchungaji alisema machache, kwa kipimo cha wachungaji. Akamwita Charisse. Mtoto akapanda, akashika karatasi kwa mikono miwili, akaanza.

Alisoma vizuri. Hakukimbia, hakulia. Wazee walifumba macho, mapepeo ya karatasi yakatulia mikononi. Akafika kwenye majimbo. Arkansas. Texas. Louisiana. Nilihesabu pumzi zangu. Mississippi, Alabama, yale yote. Akasema Virginia, akanyamaza.

Alinyanyua macho akamtazama bibi yake. Nilielewa anachofanya: alikuwa anatafuta kwa jicho mahali pa kuanzia tena, ng’ambo ya mstari, na hakutaka kuruka bila kumwona. Shemasi Gatling alikohoa ili kumsaidia. Alidhani mtoto amepotea.

Mama Idella hakuwa anaona mimbari, alikuwa anaona kivuli cheupe. Lakini lile Tangazo alilijua kuliko jina lake, na alijua mjukuu wake amesimama wapi.

“Soma,” alisema.

Hakusema kwa nguvu. Watu wa mabenchi ya mbele walisikia, wa nyuma wakauliza amesemaje.

“Bibi?” Charisse alisema mimbarini, mbele ya watu wote, kama mtoto mdogo.

“Soma, mama. Usitue. Yule wa gazeti alitua. Wewe pita moja kwa moja.”

Charisse akasoma. Isipokuwa. Berkeley, Accomac, Northampton, Elizabeth City. Hakutua. York, Princess Ann, Norfolk. Zinaachwa kama vile tangazo hili halikutolewa. Nilisikia kanisa likivuta pumzi nyuma yangu. Mtu mmoja alisema, “Amesema wapi?” Mwingine, “Si ndiyo sisi?” Mama Idella mkono wake ulikamata ukingo wa benchi, na magoti yake yakanyooka kidogo, kama mtu anayetaka kutoka. Hakutoka. Aliketi akasikiliza mpaka mwisho, na usomaji ulipoisha hapakuwa na amina ile ya kila mwaka. Watu walikuwa wanatazamana.

Mchungaji ni mtu mwenye busara, au mwoga, mimi siwezi kutofautisha. Akaenda moja kwa moja kwenye majina.

Kina Gatling walisimama. “Harrison Gatling, alitembea kutoka Yorktown.” Kina Mallory walisimama. Kina Spratley, watu kumi na zaidi, pamoja na yule mwalimu wa kadi. Benchi kwa benchi, majina na mahali, na kila walioita wakabaki wamesimama, mpaka nyuma yetu ikawa kama ukuta wa makoti na kofia. Charisse alibaki mimbarini, karatasi mkononi, mahali pa bibi yake. Mbele palikuwa na sisi wawili tu tulioketi.

“Ndiyo hii,” Mama Idella alininong’oneza. “Ndiyo hii niliyokuwa naikimbia. Nimesoma miaka yote hiyo ili nisikae hivi. Na Dicey alikaa hivi kila mwaka, Vernice. Palepale. Mimi nimesimama mbele ya nafasi yake tupu, nimeipa mgongo wa karatasi.”

“Simama, Mama.”

“Nimwite nani? Hakutembea.”

“Mama, nimeosha vyombo hapa miaka kumi na tano. Sijawahi kumsikia mtu akiulizwa viatu vya bibi yake vilikwenda wapi.”

“Ni desturi.”

“Hata kuruka mstari kulikuwa desturi.”

Alinigeukia kwa macho yake meupe, na nikadhani atanitukana. Sauti za majina zilikuwa zinaisha. Mchungaji alisema kama kawaida yake, “Yupo mwingine?” na tayari alikuwa anafungua kitabu cha nyimbo, kwa kuwa hajawahi kuwepo mwingine.

Mama Idella alinipa pochi. Akashika benchi kwa mikono miwili, akajiinua. Nikainuka nimshike kiwiko, akaniondoa mkono.

“Dicey,” alisema, kwa ile sauti ya Tangazo, iliyofika hadi mlangoni. “Wa Back River. Hakutembea. Alisubiri.” Akavuta pumzi. “Na Ned, mwanawe, ambaye hakuachiwa muda wa kusubiri.”

Akabaki amesimama.